Transista haikuwa na kosa: kisa cha pedali ya fazi iliyoundwa nyumbani, Tanga

Pedali ya fazi, kile kifaa cha kukanyaga kinacholifanya gitaa likwaruze, ilifika mezani kwangu Ngamiani ikiwa ndani ya kopo la bati la biskuti. Taa yake nyekundu inawaka vizuri, sauti haitoki. Ukikanyaga swichi kuizima, gitaa linapita safi hadi kwenye amplifaya. Ukikanyaga kuiwasha, unabaki na mnong'ono: piga nyuzi zote sita kwa nguvu utasikia kitu chembamba kinakwaruza kwa mbali, halafu basi.

Mwenyewe ni mpiga gitaa wa bendi ya vijana wanaopiga zilipendwa za hapa hapa Tanga, za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, ila wanazitilia gitaa la mkwaruzo kama lile la Zamrock, muziki wa Zambia wa miaka ya 1970 uliopigwa na bendi kama WITCH na Amanaz. Wazee wengine wakisikia wanaguna. Mimi naona Tanga haijawahi kuogopa kuchomeka chombo kwenye umeme. Black Star walishaingiza gitaa na besi za umeme kwenye taarabu huku Unguja wakiendelea na fidla zao na kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, na hakuna aliyekufa.

"Shikamoo fundi. Transista ilikufa, tukaibadilisha, na bado haijapona."

"Marahaba. Mlijuaje imekufa?"

"Mwenzangu alisema kwenye hizi pedali kinachotangulia kufa ni transista."

Kwa ajili ya jibu hilo ndiyo maana nimekiandika kisa hiki kwa urefu. Kwenye saketi ya namna hii, yenye transista mbili za kukuza sauti, ya pili, ile yenye kazi kubwa zaidi, inapitisha chini ya miliampea moja, na nguvu inayogeuka joto ndani yake haifiki miliwati 5. BC109, ambayo ndiyo alikuwa ameiweka, imeundwa kubeba hadi miliwati 300. Kifaa kinachofanya kazi kwa raha kiasi hicho hakiamki siku moja kikafa. Kinaweza kuuawa, sawa, lakini basi muuaji atafutwe. Ukikibadilisha bila kupima, tatizo la kwanza linabaki palepale na wewe umeshaongeza la pili juu yake.

Mchoro wenyewe

Alichojenga ni Fuzz Face, pedali ya mviringo iliyotoka London mwaka 1966 na ambayo Jimi Hendrix aliikanyaga sana. Wamarekani walishatangulia na Maestro FZ-1 mwaka 1962, lakini wanaojijengea nyumbani wengi hukimbilia Fuzz Face kwa sababu vifaa vyake ni vichache: transista mbili, rezista nne za kubana umeme, kapasita tatu za kuutunza kwa muda na voliumu mbili. Vyote vinakaa kwenye kipande cha bodi ya matundu kisichozidi kiberiti.

Za mwanzo zilitumia transista za gemaniamu, na wapo wanaoapa kwamba nyingine si fazi. Hayo ni maneno ya nchi za baridi. Umeme unaovuja ndani ya gemaniamu unaongezeka kadiri joto linavyopanda, na ukiiweka juani kwenye jukwaa la Tanga mwezi wa pili, sauti uliyoipima asubuhi siyo utakayoipata saa nane mchana. Kijana alifanya la maana kuchagua silikoni, na BC109 ilitumika hata kwenye Fuzz Face za silikoni zenyewe.

Saketi inakwenda hivi. Kila transista ina miguu mitatu: emita, beisi na kolekta. Transista ya kwanza imekaa na emita yake kwenye athi, yaani upande wa hasi wa betri, na kolekta yake inapata umeme kupitia rezista ya 33K (omu 33,000). Kolekta hiyo imeunganishwa moja kwa moja na beisi ya transista ya pili, bila kapasita katikati. Emita ya pili inashuka kwenye athi kupitia voliumu ya fazi ya 1K, na hapohapo rezista ya 100K inarudi nyuma hadi beisi ya kwanza. Kwa hiyo hizi mbili zimeshikana: volti ya huku ikisogea, ya kule nayo inasogea. Hilo linamsumbua anayebahatisha na linamsaidia anayepima, kwa kuwa kosa lolote linaacha alama sehemu zaidi ya moja.

Namba ya kushika kichwani ni ya kolekta ya pili. Inatakiwa kukaa karibu na nusu ya umeme wote, yaani volti 4.5 kwa betri ya 9, ili mawimbi ya gitaa yapate nafasi ya kupanda na kushuka. Mchoro wa zamani unaweka hapo rezista ya 8.2K. Kwa silikoni hiyo ni kubwa mno, inaishusha kolekta hadi volti 3 hivi, na ndiyo sababu wajenzi wengi wanaweka priseti ya 10K, ile voliumu ndogo ya kuzungushwa kwa bisibisi, wanaizungusha hadi mita isome 4.5. Naye alifanya hivyo. Priseti aliyoipata ilikuwa ya wazi, njia yake ya kaboni unaiona kwa macho.

Maswali kabla ya bisibisi

Nilimwomba anieleze kilichotangulia na kilichofuata, asiruke kitu. Ilipiga vizuri kwa muda mrefu. Ikaanza kukatika jioni, wakiwa kwenye chumba chao cha mazoezi upande wa Raskazone ambako upepo wa bahari unaingia dirishani moja kwa moja. Mchana, nyumbani, ilikuwa nzima. Ikikatika wanaligonga kopo, sauti inarudi.

Ndipo mwenzake akatoa hukumu yake. Waliichomoa transista ya pili, wakatia C945 waliyoitoa kwenye pawa saplai ya kompyuta mbovu. Sauti ikawa mnong'ono, na safari hii kugonga hakukusaidia. Wakadhani betri ndiyo dhaifu, wakachukua adapta ya ruta yenye maandishi ya 9V, wakachomeka.

"Ikawaje?"

"Taa ikazimika. Tukachomoa, tukarudisha tena, wapi. Tukairudia betri. Ila sasa betri mpya haimalizi mazoezi mawili."

Maneno hayo yana mambo matatu, na kila moja lina sura yake. Kinachokatika jioni na kurudi kwa kugongwa ni mguso: kiungo, waya, swichi au priseti. Silikoni iliyokufa haifufuki kwa kofi. Mnong'ono ulioanza siku ileile transista ilipobadilishwa, na ambao hauondoki, umetokana na kubadilisha kwenyewe. Na taa kuzimika kwa kuchomeka adapta yenye volti sahihi maana yake umeme uliingia kinyume, kwa sababu LED, taa ya aina hiyo, haiwaki ikigeuziwa chanya na hasi.

Kwa mpiga gitaa yote matatu yalikuwa neno moja tu: imekufa.

Gitaa, kebo na amplifaya nilivipitia haraka. Pedali ikizimwa sauti ni safi, kwa hiyo jeki zote mbili na nusu ya swichi ya mguu ziko sawa.

Betri inaliwa na nani

Kabla ya volti nilipima miliampea. Wengi wanaliruka hili, na kwenye chombo cha betri ndilo lenye habari nyingi kwa kazi ndogo: unatoa klipu moja ya betri, unapitisha umeme katikati ya mita, unasoma. Saketi ya silikoni ya aina hii hula karibu miliampea 1. Taa yake, kwa rezista ya 1K aliyoiwekea, inakula 7 hivi. Jumla ingekuwa 8 au kidogo zaidi. Mita ilisoma 31.

Nikakata waya wa taa, ikabaki 24. Nikagusa vifaa kimoja kimoja kwa ncha ya kidole. Kapasita ya 100 mikrofaradi, ile ya kutuliza umeme pale betri inapoingilia, ilikuwa ya uvuguvugu, na kichwa chake kimetuna kidogo badala ya kuwa bapa. Nikainyanyua mguu mmoja kwa pasi ya kuchomelea. Mita ikaporomoka hadi 1.5.

Huyo ndiye aliyekuwa anakula betri, na chanzo chake ni adapta ya ruta. Pedali za gitaa, karibu zote, zinataka hasi katikati ya pini na chanya nje. Adapta nyingi za ruta ni kinyume, chanya iko katikati. Plagi inaingia vizuri kabisa, volti ni zilezile, ila kapasita ya elektroliti ikipewa umeme wa kinyume ngozi yake ya oksaidi inaharibika, na kuanzia hapo inavuja hata ukiirudishia umeme sahihi. Kuna mchoro mdogo kwenye kila adapta, duara na nukta katikati, pembeni alama za kujumlisha na kutoa. Unachukua sekunde tano kuusoma.

Miguu mitatu inasema

Kapasita mbovu ikiwa imetoka, betri ikawa na volti 9.1 zilizotulia. Nikaweka ncha nyeusi ya mita kwenye athi, na ile nyekundu nikaipitisha kwenye miguu.

Transista ya kwanza: emita 0, beisi 0.6, kolekta 0.8. Kolekta ingetakiwa kuwa 1.3 hivi, lakini nilitegemea iwe imevutwa na mwenzake, nikaiacha kwanza.

Transista ya pili, kwa kufuata matundu ya bodi kama mchoro unavyotaka: tundu la emita 0.8, tundu la beisi 0.8, tundu la kolekta 1.4.

Hapo pa kutulia. Transista ya silikoni inayofanya kazi lazima iwe na tofauti ya volti 0.6 au 0.7 kati ya beisi na emita. Hiyo ndiyo sahihi yake. Hapa kati ya tundu la beisi na la emita hakuna kitu, sifuri. Lakini kati ya tundu la kolekta na la emita kuna 0.6 kamili. Yaani beisi ipo, ila imekaa nyumba ya jirani. Kabla hata sijaipindua bodi, mita ilishasema kwamba mguu uliochomelewa kwenye tundu la kolekta ndiyo beisi.

BC109 ni ya kikopo cha bati, ina kijiulimi pembeni kinachoonyesha emita, na ukiinyoosha miguu beisi inakaa katikati: emita, beisi, kolekta. C945 ni ya plastiki nyeusi yenye uso bapa. Ukiutazama uso huo miguu ikiwa chini, kutoka kushoto unasoma emita, kolekta, beisi. Kolekta ndiyo ya katikati. Mwenzake kijana alijua emita ni ipi, akailinganisha na tundu la emita, na akaamini kwamba iliyobaki inajipanga yenyewe. Mambo yamevurugika zaidi kwa sababu familia ya BC547, BC548 na BC549, ambazo ni nyeusi na bapa vilevile, ukizitazama kwa namna hiyohiyo zinasoma kolekta, beisi, emita. Sura moja, mpangilio tofauti. Namba iliyochapwa usoni ndiyo ya kufuata, na kama imefutika, mita ikiwekwa kwenye kipimo cha dayodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) inaitambua beisi, maana huo ndio mguu pekee unaopitisha kwa ile mingine miwili.

C945 yenyewe haina ubaya. Ingegeuzwa miguu ikavalishwa mirija ya plastiki isigusane, ingepiga fazi ya kutosha. Ila nilimwuliza ile ya zamani ilikwenda wapi, akaitoa mfukoni ikiwa imekunjwa kwenye kipande cha karatasi. Nikaichomeka kwenye tundu la kupimia transista la mita: ukuzaji karibu 300, dayodi zake mbili zote ziko hai. Mzima kabisa.

"Kwa hiyo tulimtoa bure?"

"Bure."

Nikairudisha BC109 kwenye matundu yake. Kwenye kuchomelea kikopo cha bati usikae na pasi muda mrefu, na shika mguu kwa koleo ndogo kati ya risasi na mwili ili joto liishie kwenye koleo. Kolekta ya pili ikasoma 4.5, emita 0.7, beisi 1.3, na kolekta ya kwanza ikarudi 1.3 yenyewe bila kuguswa. Amplifaya ikanguruma. Kijana alitaka kufunga kopo aondoke.

Ugonjwa wa jioni

Tatizo lililoanzisha yote lilikuwa bado halijaguswa, na mchana wa jua kali mezani kwangu lisingejitokeza lenyewe. Hapa naipenda mita ya mshale kuliko ya tarakimu. Kitu kinachokatika kwa sehemu ya sekunde, tarakimu zinababaika tu. Mshale unaruka na jicho linauona. Niliuweka kwenye kolekta ya pili, nikachukua kijiti cha mbao, nikaanza kusukuma kitu kimoja kimoja taratibu: waya wa jeki ya kuingizia, wa kutolea, miguu tisa ya swichi, kapasita. Mshale umekaa 4.5, hautikisiki.

Kijiti kilipogusa priseti, mshale ukaanguka hadi robo ya volti na sauti ikakatika hapohapo. Nikaachia, ukarudi.

Hesabu inakubaliana na kilichoonekana. Priseti ikipoteza mguso, kolekta ya pili haina tena njia ya kupata umeme. Kinachobaki ni ule mdogo wa 33K unaopita kwenye beisi kwenda emita, na wenyewe kwenye ile voliumu ya 1K unaacha robo ya volti tu. Emita ikishuka hivyo, ile 100K haina cha kupeleka kwa transista ya kwanza, nayo inazima. Kimya. Mguso ukirudi nusunusu ndipo unapata ile sauti ya kukatika ambayo noti kubwa inapita na mwisho wake unakatwa ghafla.

Niliitoa nikaiangalia kwa lenzi. Pale kijiti cha chuma kinapobanwa katikati palikuwa na unga wa kijani, na kwenye njia ya kaboni mstari mweupe umekauka. Ni chumvi ya bahari. Anayekaa Tanga anaijua kwenye kufuli na kwenye vitasa. Kwenye priseti ya wazi inafanya kazi ileile, taratibu, na unyevu wa jioni unaiamsha. Ungenyunyizia dawa ya kusafishia voliumu ingepona kwa msimu mmoja.

Sikuona sababu ya kurudisha priseti. Kazi yake ni kutafuta thamani, na thamani ilishapatikana. Niliipima ikiwa nje, palepale ilipokuwa imewekwa: 6.6K. Rezista ya kawaida iliyo karibu ni 6.8K, bluu, kijivu, nyekundu, na bei yake haifikii andazi. Kolekta ikasimama kwenye 4.3, na sikio haliwezi kuitofautisha na 4.5. Anayetaka priseti kwa lazima atafute ile iliyofungwa ndani ya plastiki, na mguu wa katikati auunganishe na ule wa pembeni usiotumika. Mguso ukipotea, saketi inabaki na 10K nzima badala ya kukatika kabisa. Sauti inaharibika lakini wimbo unaisha.

Mvumo wa adapta

Kwa upande wangu pedali hii haihitaji adapta. Inakula miliampea 1. Taa ndiyo mlaji, na nilimbadilishia rezista yake ya 1K kuwa 4.7K, ikashuka kutoka 7 hadi 1.5 na bado inaonekana vizuri kwenye jukwaa lenye giza. Hapo betri ya 9V ya kawaida inakupa zaidi ya saa 100, mradi uwe na mazoea ya kuchomoa kebo ya gitaa ukimaliza, kwa sababu jeki ya kuingizia ndiyo inayoikata betri. Lakini kijana ana pedali nyingine na anataka zote zipate umeme wa ukutani. Haya.

Kapasita mpya nikaiweka ya 100 mikrofaradi, volti 25. Kwenye njia ya adapta peke yake nikaweka dayodi ya 1N4007 kwa mfululizo, ili siku adapta ya ruta itakapochomekwa tena, na itachomekwa, umeme wa kinyume ukute mlango umefungwa. Dayodi hiyo inakula karibu volti 0.6. Wengine wanaiweka kwa kukatiza kati ya chanya na athi ili isile kitu. Sikubaliani nao, maana adapta ikigeuzwa inapigwa shoti na unaweza kuiua adapta ya mtu ili kuokoa pedali.

Siku ya kuichukua akaja na adapta nyingine, nzito, ya transfoma, hasi katikati kama inavyotakiwa. Pedali ikafanya kazi na ikavuma mmm mfululizo, hata gitaa likiwa limefungwa sauti. Kwa betri hakuna mvumo.

Kuna njia ya kutambua mvumo bila chombo chochote zaidi ya gitaa kavu. Umeme wa Tanzania ni hezi 50. Adapta inapougeuza kuwa mnyoofu kwa dayodi nne, mawimbi yanayobaki ni ya hezi 100. Kwenye gitaa lililotuniwa sawasawa, uzi mnene kwenye kibano cha tatu ni noti ya G, hezi 98. Piga noti hiyo mvumo ukiendelea: kama mvumo ni wa 100, sauti mbili zinapishana na unasikia mawimbi, wa-wa, wa-wa, mara mbili kwa sekunde. Mvumo unaotoka kwenye waya usiofunikwa au athi mbovu kwa kawaida ni wa 50 na unasikika oktava nzima chini, mzito zaidi. Tulisikia mapishano hayo juu ya noti ileile bila uzito wa chini. Kwa hiyo ni adapta, mawimbi yake hayajatulizwa vya kutosha.

Rezista ya omu 100 kabla ya kapasita ikatosha. Kwa pamoja zinaacha takriban sehemu moja ya sita ya yale mawimbi ya hezi 100, na kwa kuwa pedali inavuta umeme kidogo, rezista hiyo haipotezi zaidi ya robo ya volti.

Kilibaki kimvumo kidogo kilichopotea kila ukishika kopo kwa mkono. Hicho ni cha bati lisilofika kwenye athi. Kopo la biskuti limepigwa rangi ndani na nje, na nati ya jeki ilikuwa imekaa juu ya rangi. Nilikwangua kwa kisu duara dogo chini ya nati hadi bati likang'aa, nikakaza. Kopo likawa kinga kama lilivyokusudiwa.

Na lalamiko jingine

Baada ya onyesho lao la kwanza alirudi. Pedali haikatiki, haivumi, lakini kuna kitu alikisoma na hakipati: kwamba kwenye Fuzz Face ukipunguza voliumu ya gitaa lenyewe mkwaruzo unasafika, unapata sauti angavu bila kukanyaga chochote. Kwake ukipunguza, mkwaruzo unabaki uleule, unapungua tu kelele.

Nikamwuliza amezipanga vipi. Gitaa, kisha kituna cha miguuni (pedali ya kutunia gitaa), kisha fazi, kisha amplifaya.

Kituna chake ni cha aina inayobaki na saketi katikati hata kikiwa kimezimwa, na saketi hiyo inasukuma sauti kwa nguvu kwenda mbele. Fuzz Face ina mdomo wa ukinzani mdogo sana. Inafanya ule ujanja kwa kuwa inaligusa gitaa moja kwa moja: voliumu ya gitaa ikipungua, ukinzani unaoingia kati ya koili za gitaa na beisi ya kwanza unaongezeka, na transista inapungukiwa na msukumo. Ukiweka kituna katikati, fazi haioni gitaa tena, inaona kituna, ambacho nguvu yake haibadiliki. Hakuna kifaa cha kubadilisha hapo.

Akahamisha kebo mbili, fazi ikatangulia na kituna kikafuata. Akapiga kwa voliumu kamili, akaishusha hadi 6, na sauti ikasafika.

"Sasa kituna hakisomi vizuri fazi ikiwa imewashwa," akasema.

Nikamwambia azime fazi kwanza akitaka kutuni.